Nyumba ya Askale Imefungwa

Mji wetu wa Zamwa ulikuwa unaamshwa na watu wawili. Siku nyingi alikuwa Etete Askale, kwa harufu ya mkate wake. Siku nyingine, na hizo hakuna aliyezipenda, alikuwa Gashe Sahlu na tarumbeta lake la bati. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na ya Gashe Sahlu ilikuwa na jambo lile lile kila mara: kuna mtu amekufa, toka kitandani, jifunge shela nyeupe, njoo uzike.

Mimi nimeishi Zamwa miaka mingi kuliko niliyoishi kwetu Moyale, ng'ambo ya mpaka. Nimeolewa hapa, nimezalia hapa, nina duka la vyombo mkabala na stendi, na bado wananiita Mkenya, hata wale ambao mama zao walinunua kwangu sufuria za harusi. Sinung'uniki, nasema tu. Nasema ili ujue kwamba yale niliyoyaona siku ile sikuyaona kwa jicho la mgeni anayeshangazwa na kila kitu. Mimi si mtu wa kushangaa ovyo. Siku ile nilishangaa, na mpaka leo sijamaliza.

Gashe Sahlu, na Gashe ni heshima ya mwanamume kama Etete ilivyo ya mwanamke, alikuwa mrefu, mwenye shingo ndefu na bega moja lililoshuka kwa mizigo ya ujanani. Mchana alikuwa mchukuzi pale stendi. Alfajiri alikuwa mpiga mbiu wa idir, chama chetu cha kuzikana. Zamwa unaweza usionekane kanisani, unaweza usionekane msikitini, watu watakusema wiki moja waache. Lakini asiye na idir ni mtu asiye na watu. Chama ndicho chenye hema, mabenchi na yale masufuria makubwa, ambayo niliwauzia mimi, na walinibana bei mpaka nikaona aibu kwa niaba yao. Mtu akifa, Sahlu anapita mitaa yote akipiga na kutaja jina, hema linasimikwa mlangoni kwa marehemu, na watu wanakaa na wafiwa siku tatu. Mfiwa hapiki, hafagii, hachoti maji. Wengine wanafanya.

Mke wa Sahlu alifariki akijifungua, na mtoto naye hakupona. Hakuoa tena. Ukimuuliza mbona, anakujibu, "Watoto wangu ni nyinyi mtakaonibeba." Alisema huku akicheka lakini hakuwa anatania. Kila mtu ana kitu kimoja anachokiogopa, na yeye aliogopa kuzikwa na watu wasiolijua jina lake. Kwa hiyo alilitunza tarumbeta lile kuliko mwili wake, maana chama kilikuwa na sheria moja isiyo na huruma: mpiga mbiu akitangaza kifo ambacho hakipo, anafutwa chamani. Aliyemtangulia alifutwa hivyo. Alimtangaza mlevi mmoja aliyelala mtaroni, na katikati ya maombolezo mlevi akaamka akaomba maji. Watu walicheka mwezi mzima. Lakini mpiga mbiu yule alipokufa, alipelekwa makaburini kwa mkokoteni, na nyuma yake hakufuata mtu. Sahlu aliushuhudia mkokoteni ule ukipita, na aliutaja mara nyingi.

Basi ukaja mwaka wa daraja.

Mvua zilinyesha mpaka mto ukapanda ukachukua katikati ya daraja, ukaacha vipande viwili vikitazamana, kimoja kwetu, kimoja ng'ambo. Waya za umeme zilikuwa zimepitishwa pale pale, zikaenda nalo, na simu zikafa. Mabasi na malori yakaanza kuzungukia barabara ya mbali huko milimani. Na Zamwa, nikuambie ukweli, haukuwa mji wa kitu kingine. Ulikuwa mji wa kupitiwa. Watu walishuka, wakala, wakanunua, wakapanda. Ngano yetu ilitoka ng'ambo, na mkate wetu ulikwenda ng'ambo. Daraja lilipokatika, tulikaa tukitazama barabara tupu kama watu waliosahauliwa kituoni.

Wa kwanza kufunga alikuwa fundi cherehani. Zikafuata hoteli mbili za stendi. Nuredin mwenye kinu cha kusaga cha dizeli alikuwa anakuja kila asubuhi, anafungua, anafuta vumbi mashine isiyosaga kitu, anafunga. Mimi nilianza kuvifunga vikombe vyangu kwenye magazeti, kimoja kimoja, nikimwambia mume wangu kwamba navisafisha. Gashe Sahlu hakuwa na mzigo wa kubeba, lakini alikwenda stendi vile vile, anakaa kwenye jiwe lake. "Stendi ikikosa mchukuzi," alisema, "basi likija litajuaje kwamba hapa ni stendi?"

Ofisi ya mkoa ilimtuma kijana mmoja mpole. Alitukusanya shuleni akatueleza habari za kufufua uchumi wa eneo na kuwashika mkono wafanyabiashara wadogo. Alisema vizuri. Mafundi wa madaraja watakuja mvua zikiisha kabisa na fungu la fedha likipita. Nuredin akanyoosha mkono, akauliza taratibu, "Mwanangu, na sisi tukiisha kabla ya mvua?" Kijana akatazama viatu vyake. Sikumlaumu. Yapo maswali ambayo hata mimi ningetazama viatu.

Na kuvuka? Kila mtu alikwenda kwenye kipande chetu cha daraja, akachungulia lile pengo na maji yanayonguruma chini, akasema haiwezekani. Ng'ambo nao walikuja, wakachungulia, wakasema vile vile. Tukawa tunapungiana mikono tu. Mvua zilipungua, maji yakashuka kidogo, lakini neno lilikuwa limeshakaa vichwani: haiwezekani. Hakuna aliyejaribu. Kwa sababu ya gunia la ngano, nani ataweka roho yake rehani?

Aliyebaki na moto ni Etete Askale. Alikuwa mjane, mnene, mwenye kikohozi kisichokwisha na ulimi mkali kuliko pilipili ya kwao. Tanuri lake lilirithiwa kutoka kwa mama mkwe, na watu walisema halijapoa tangu enzi za huyo mama. Kila alfajiri alimpelekea Gashe Sahlu mkate wa kwanza, bure, na kumtukana juu yake. "Shika, kunguru wewe. Usije ukanitangaza leo, nina kazi." Naye anajibu, "Etete, wewe nitakutangaza kwa jina moja tu, nitakosa pumzi ya la pili." Walifanya hivyo miaka na miaka.

Mji mzima ulikuwa unamtazama yeye. Mume wangu alisema wazi, "Siku Askale akifunga, na sisi tunapanda gari." Nuredin alisema hivyo. Kila mwenye duka alisema hivyo, akidhani ni siri yake. Mikate ikazidi kuwa midogo. Siku nyingine alioka nusu tanuri. Harufu ilikuwa inafika kwetu ikiwa nyembamba, nami nilikuwa naamka kabla ya wakati kuisubiri, roho juu.

Asubuhi moja haikuja.

Nuredin alikuwa anatoka kuswali alfajiri. Kulikuwa na baridi, amejiziba mdomo kwa shuka. Akapita mlangoni kwa Askale, akakuta kufuli kubwa nje na bomba la moshi likiwa kimya. Alisimama pale, alituambia baadaye, mpaka miguu ikafa ganzi. Akashuka mpaka bombani, akamkuta Gashe Sahlu anakinga maji. Akainamisha kichwa akamwambia, "Gashe, nyumba ya Askale imefungwa."

Sasa, kwetu Moyale ukisema hivyo, mtu atakuuliza ufunguo kaacha kwa nani. Zamwa sivyo. Zamwa mtu akifa bila kuacha wa kumfungulia mlango, hawasemi amekufa. Wanasema nyumba yake imefungwa. Askale hakuwa na mtoto. Alikuwa na kikohozi. Na habari ya kifo haiulizwi mara mbili, ni utovu wa adabu. Gashe Sahlu aliacha mtungi wake chini ya bomba, maji yakimwagika, akaenda kuchukua tarumbeta.

Nililisikia nikiwa bado kitandani. Halafu nikasikia jina. Nilikaa, nikamwambia mume wangu, "Amesema nani?" Alikuwa ameshafunika uso.

Tarumbeta la kwetu likilia, wa ng'ambo anayelisikia analipokea, anawapigia wa kilima cha pili, nao wa tatu. Halirudi. Jua lilipochomoza jina la Askale lilikuwa limeshafika mahali ambako yeye mwenyewe hajawahi kufika.

Tulipofika mlangoni kwake, vijana wa chama walikuwa wameshachimba shimo na kusimika nguzo ya kati ya hema. Wanawake walikuwa wameshageuza shela zao, zile pindo za rangi zikawa juu, usoni, kama desturi ya msiba. Mwenyekiti wa chama, Gashe Teklu, mtu mkavu aliyewahi kuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo na hakuacha kuwa, alikuwa anauliza ni nani aliyeuosha mwili. Ndipo tukasikia kwato. Askale alikuwa anateremka barabara ya milimani na punda wa dada yake, amepakia magunia mawili ya virago vyake na kibuyu cha chachu, uso umejaa jasho.

Alipita katikati ya watu. Watu walimpisha bila kujua wanampisha nani. Akasimama mbele ya Sahlu.

"Nani amekufa?"

"Wewe, Etete," akasema Sahlu.

"Saa ngapi?"

"Alfajiri."

Askale akajifuta jasho. "Alfajiri nilikuwa kilimani napumzika, punda amekataa kupanda. Nikasikia jina langu. Nikasema, kumbe ndiyo maana amekataa. Nikamgeuza."

Wengine walianza kulia upya, wengine kucheka, na wapo waliofanya yote mawili, mimi nikiwa mmoja wao. Nuredin akasukumwa mbele. "Nilisema imefungwa!" alilalamika. "Imefungwa kwa kufuli! Kufuli hilo hapo!"

"Ungesema kufuli," Sahlu akasema.

"Ungeuliza!"

"Nani anauliza?"

Gashe Teklu hakucheka. Aliinua fimbo yake, na watu wakanyamaza. "Tarumbeta limepigwa na maiti hakuna," alisema. "Sheria mnaijua. Sahlu, liweke chini."

Nilimwona Gashe Sahlu akiinama. Alilaza lile bati kwenye vumbi taratibu, akabaki amechuchumaa pale, mikono haina kazi. Najua alichokuwa anakiona mbele ya macho yake, maana hata mimi nilikiona, ule mkokoteni. Nikasikia hasira ya kutaka kumrushia mtu sufuria.

Askale akasema, "Ngoja kwanza. Ile nguzo imesimikwa na nani?"

"Sisi, Etete," vijana wakasema.

"Imeingia ardhini?"

"Imeingia."

"Na nguzo ya msiba ikiingia ardhini, inang'olewa siku gani?"

Gashe Teklu alijibu kwa shingo upande. "Siku ya tatu. Lakini hapa hakuna mfiwa."

"Yupo," akasema Askale. "Mimi hapa. Nilifunga mlango huu usiku, nikaweka kufuli, nikahama kama mwizi ili msinione nikilia. Tanuri la mama mkwe wangu limepoa. Kama hicho si kifo, mimi sijui kifo. Nimefiwa. Kaeni." Akaketi chini kwenye mkeka wa wafiwa, mguu huku, mguu huku, punda akiwa bado na mzigo.

Teklu alitazama nguzo, akatazama yule mama, akatazama mbingu. Kuing'oa nguzo kabla ya siku ni mkosi, hata yeye asingethubutu. "Tutakaa siku tatu," alisema mwishoni. "Hukumu ya Sahlu itasomwa siku ya tatu, hema likishuka."

Basi tukakaa. Na watu wakikaa wanataka kula, na mfiwa hapiki. Kila mmoja akaenda kwake kuleta alichonacho. Nuredin alileta unga wa mwisho wa kinu, uliokuwa umebaki pembeni mwa mashine, akaukung'uta kama anayekung'uta dhahabu. Wa hoteli walileta kuni. Mimi nilivifungua vikombe vyangu kutoka kwenye magazeti. Askale akiwa kwenye mkeka akaanza kutoa amri. "Chachu imo kibuyuni. Usiikoroge hivyo, unaitesa. Nani huyo anawasha tanuri? Unawasha tanuri au unachoma nyumba?" Moshi ukapanda. Ile harufu ikatoka mlangoni ikapita juu ya vichwa vyetu, na watu wazima wakainama wakaficha nyuso kwenye shela. Kifo cha wengi harusi, wanasema wahenga, na mimi nilikuwa naitumia methali hiyo kila mara bila kujua uzito wake.

Ilikuwa karibu adhuhuri tuliposikia mashoka.

Sauti ilitoka mtoni. Tuliteremka wote, Askale naye, mfiwa au si mfiwa. Tulipofika kwenye kipande chetu cha daraja nilisimama. Ng'ambo yote ilikuwa nyeupe. Kilima kizima, kutoka barabarani mpaka juu kabisa, kilikuwa kimejaa watu wenye shela za msiba, na bado walikuwa wanateremka. Mapadri na miavuli yao, masheikh na vilemba vyao, vikongwe, wanaume na mashoka mabegani. Walikuwa wamelisikia tarumbeta. Jina lilikuwa Askale, ambaye mkate wake walikuwa wameula tangu wangali na meno ya utoto, na maziko ni siku ile ile, na mtu hakosi maziko. Hawakuwa na muda wa kusema haiwezekani.

Walikuwa wanaangusha mikaratusi. Mirefu, ile iliyopandwa kando ya barabara na babu zao. Wanaume ishirini au thelathini wanaubeba mmoja, wanausukuma kutoka kwenye kipande chao cha daraja, wengine wanaukalia kwa nyuma usipinduke, kichwa kinasogea hewani juu ya maji, kinanesa, kinasogea. Vijana wetu wakalala kifudifudi wakanyoosha mikono. Wa kwanza ulianguka mtoni ukaenda. Walikwenda kukata mwingine. Wa pili ulifika. Ulipogusa upande wetu, nilisikia watu wote wa pande zote mbili wakivuta pumzi kwa pamoja. Wakafuatisha wa tatu, wa nne, wakaifunga kwa kamba za nyuzi za mgomba, zile ambazo wanawake walikuwa wanazisokota pale pale huku wakilia.

Huku wakilia, nasema. Maana hawakuwa wanajenga daraja. Walikuwa wanakwenda msibani. Miezi yote ile tulikuwa tunasubiri mtu wa kutujengea, na pengo lile lilikuwa linangoja tu sababu ambayo mtu hawezi kuikataa.

Wakaanza kuvuka, mmoja mmoja, wakishikana nguo. Katikati ya magogo walikuwa wanaita, kama inavyotakiwa, "Askale, mama wa mkate! Askale, umetuachia nani!" Naye Askale alikuwa amesimama upande huu, anawasikia. Sijawahi kuona uso wa mtu kama ule. Wangapi kati yetu watasikia wanavyoliliwa? Alisikia yeye. Nikamwangalia Gashe Sahlu nyuma yake, na machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye ile shingo ndefu, hayafuti.

Emama Wolansa, kikongwe wa ng'ambo, alivushwa mgongoni na wanaume wawili kwa zamu. Walipomshusha, akakutana macho kwa macho na Askale. Akamgusa shavu, akamfinya.

"U mzima?"

"Mzima, Emama. Nisamehe."

"Nimekulilia kutoka kilimani mpaka hapa. Machozi yangu nani ananirudishia?"

"Njoo ule mkate," akasema Askale, na ndilo neno pekee aliloweza.

Nao wa ng'ambo walikaa. Hawakurudi, maana nguzo ilikuwa imesimikwa, na msiba ni msiba. Unga wa Nuredin uliisha jioni ile. Kesho yake ng'ambo wakavusha ngano, na baada ya ngano siagi, na baada ya siagi mbuzi waliofungwa macho wasione maji. Kinu kikasaga. Fundi cherehani akafungua akashona shela zilizochanika kwenye magogo. Siku ya tatu asubuhi yule kijana wa mkoa alifika upande wa pili na gari lake. Alisimama muda mrefu. Halafu akavua koti, akakunja suruali, akashika ncha ya gogo lililokuwa linaletwa, na akavuka akiwa na utomvu mikononi na hofu machoni. Tulimpa mkate. Alichotuambia ni kwamba anaweza kupata mbao na misumari kabla ya wiki kwisha, na alizipata.

Jioni ya siku ya tatu Gashe Teklu alisimama chini ya hema. Watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani. Tarumbeta lilikuwa pale pale vumbini, hakuna aliyeligusa, kuku wameanza kulizoea. Sahlu alisimama karibu nalo.

"Sheria ni sheria," alisema Teklu. "Sikuitunga mimi. Anayetangaza kifo ambacho hakipo, anafutwa. Kuna mwenye neno?"

Emama Wolansa akainua fimbo yake. "Mimi nimebebwa mgongoni na wanaume wawili," alisema. "Sijabebwa tangu siku ya harusi yangu. Ukimfuta huyu, na mimi nifute."

Watu walicheka, kisha Nuredin akasema, "Na mimi." Mume wangu akasema, "Na mimi." Halafu ikawa kama mvua kwenye bati, na mimi, na mimi, na mimi, mpaka nyuma kabisa barabarani ambako hawakusikia hata kilichosemwa. Nilisema na mimi pia, ingawa kwa lafudhi yangu hiyo wanayoicheka. Teklu alitazama kundi lile. Nadhani alitambua kwamba akimfuta Sahlu, atabaki na chama cha mtu mmoja na masufuria.

"Okota," alimwambia. "Lakini kuanzia leo hupigi kabla hujaenda ukaona kwa macho yako. Ukisikia nyumba imefungwa, nenda kagonge."

Gashe Sahlu aliitii hukumu ile kupita Teklu alivyokusudia. Malori yalikuwa yanasimama sasa kila upande wa magogo, mzigo unashushwa, unavushwa kwa bega, unapakiwa tena, na katikati watu wanakula, wananunua, wanashona. Wachukuzi walikuwa hawatoshi. Yeye alibeba mchana kutwa. Lakini kila alfajiri alipita mitaa yote, na duka lolote lililochelewa kufunguliwa aligonga mlango. "Nimekuja kuona kama umekufa," alisema. Mwanzoni tulimtukana. Baadaye ukawa ndio utani wa mji. Lakini kama ndani alimkuta mtu amekaa gizani ameshika kichwa, hakutania. Alimwambia Teklu, Teklu akatuma benchi moja la chama na birika la kahawa, na watu watatu au wanne wakaja kukaa na mwenye duka, kabla ya nguzo, kabla ya tarumbeta, wakamuuliza amekwama wapi. Mlangoni kwangu benchi lile limekuja mara mbili. Sitasema zaidi ya hapo, ila duka bado lipo.

Daraja la zege lilikuja mwaka wa tatu. Ni zuri, lina taa. Mkate wa Askale unalivuka kila siku kabla jua halijatoka.

Mwaka jana, asubuhi moja ya baridi, niliamka nikahisi kuna kitu hakipo. Nilikaa kitandani nikisikiliza, kumbe si cha kusikia. Ilikuwa harufu. Nikatoka na shuka. Watu walikuwa wameshatoka kwenye milango yao, wanatazamana. Tukateremka mpaka kwa Askale. Mlangoni kulikuwa na kufuli.

Hakuna tarumbeta lililolia. Tulisimama pale tukilisubiri litueleze. Kisha Nuredin, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo, akasema polepole, "Nyumba ya Askale imefungwa," na safari hii hakuna aliyemwelewa vibaya. Askale alikuwa mzima. Alimpelekea kunguru wake mkate wa kwanza kama kawaida, akagonga, hakujibiwa. Akarudi, akazima tanuri kwa mkono wake, akafunga, akaenda kuketi mlangoni kwa marehemu, kwenye mkeka wa wafiwa.

Ng'ambo hawakusikia kitu. Lakini asubuhi ile hawakupata mkate. Kabla jua halijakaa sawa walikuwa darajani, pindo za shela juu, hawajui jina bado, wanajua tu kwamba ni msiba.

Gashe Teklu, mzee sana sasa, alisimama kwenye hema akauliza kama sheria inavyotaka, ni nani mfiwa wa Sahlu, maana marehemu hakuacha mke wala mtoto, na benchi la wafiwa halikai tupu.

"Mimi," akasema Askale. "Sijapika leo."

Nuredin akajikokota akaketi kando yake. Alikuwa amefunga kinu. Fundi cherehani akaketi. Mimi nilikuwa na ufunguo wa duka mkononi, nao umeniachia alama kwa jinsi nilivyoubana, nikaenda nikaketi. Halafu wakaja wa hoteli, wachukuzi wa stendi, madereva, wa ng'ambo, yule kijana wa mkoa ambaye si kijana tena. Benchi la wafiwa likajaa. Wakaleta la pili likajaa, wakaleta mabenchi ya wageni, yote, na wageni wakakosa pa kukaa.